Glavu ya Mwalimu Shedafa

Kila Jumatano Bi Saumu alipanda kwenda kliniki akiwa amejipaka wanja. Hidaya aliuona ule wanja tangu wiki za mwanzo, akadhani ni mambo ya watu wazima wa milimani, ambao hata wakienda kwa jirani kuomba chumvi lazima wajitengeneze. Hakujiuliza zaidi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa tiba ya Kichina, kichwa kimejaa majina ya mizizi na magome, na bado kuna siku alichanganya ganda la chenza na ganda la chungwa. Wanja wa mgonjwa haukuwa jambo la kumnyima usingizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo glavu umeipasha moto?"

"Nimeipasha."

"Basi lete."

Bi Saumu aliweka mkono wa kushoto juu ya kimto cha pumba za mpunga, kiganja kikitazama juu. Hidaya akavaa glavu. Ilikuwa ya kijivu, nyembamba kama ganda la kitunguu, na ilipanda hadi kwenye kiwiko. Ilipomkaza, alihisi kile alichokihisi kila mara na ambacho hakukizoea kamwe: vidole vyake vilipata mwenyewe mwingine.

Mwenyewe huyo alikuwa Mwalimu Anzaruni Shedafa, mume wa Bi Saumu, aliyezikwa kabla ya mvua za masika. Alisomea dawa Chengdu akiwa kijana, akarudi Usambara na masanduku mawili ya mbegu, akafungua kliniki hii juu ya matuta aliyoyalima mwenyewe. Miaka yake ya mwisho alikubali kuvaa kitambaa chenye hisia kwenye mkono wa kulia, asubuhi hadi asubuhi, kliniki na nyumbani, ili kila alichokijua kwa kugusa kihifadhiwe. Watu walimcheka kwamba anakula ugali na soksi mkononi. Alipofariki, mkono ulibaki. Sasa mwanafunzi yeyote akivaa glavu, vidole vinatua pale ambapo Mwalimu angevitua, vinabonyeza kwa uzito ambao Mwalimu angebonyeza, na kinachosikika kinakwenda moja kwa moja kwenye kabati.

Kabati lilijaa ukuta mzima, droo ndogo ndogo kutoka sakafuni hadi darini. Glavu ikishasoma, droo zinafunguka zenyewe, dawa zinapimwa, pakiti inatoka imefungwa. Mwanafunzi hakuruhusiwa kuandika dawa bila glavu mpaka afaulu mtihani wa mwisho. Kazi yake ilikuwa kuangalia ulimi, kuuliza maswali, na kukopesha mkono.

Vidole vitatu vilishuka kwenye kifundo cha Bi Saumu. Cha shahada husikiliza moyo, cha kati ini, cha pete figo. Lakini kabla ya kutua, kile cha kati kiligonga mara mbili, polepole, juu ya kile kifupa kilichotokeza. Hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kugongwa hivyo. Bi Saumu alifumba macho.

Ubao wa kioo juu ya kabati ukaandika: mapigo yamekaza kama waya, yanakwenda mbio. Joto la ini. Droo zikaanza kufunguka.

Mwalimu alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kwake dawa haikuwa rundo la majani bali baraza. Kuna mfalme, anayeukabili ugonjwa uso kwa uso. Kuna waziri, anayemsaidia mfalme. Kuna msaidizi, ambaye kazi yake kubwa ni kumshika mfalme shati asije akapitiliza. Na kuna mjumbe, anayeonyesha njia na kupatanisha wote wasigombane ndani ya tumbo la mtu. "Ukimwachia mfalme peke yake," alikuwa akisema, "ataunguza nchi halafu atasema ameshinda vita."

Mfalme wa Bi Saumu alikuwa mzizi mchungu unaozima joto. Kila wiki glavu ilisoma joto lile lile, na kila wiki ilimwongezea mfalme uzito. Wakati huo huo Bi Saumu alizidi kukonda. Kanga aliyokuwa akiizungusha mara moja sasa aliizungusha na kipande kikabaki. Chakula kilimshinda, tumbo lilimwendesha, usiku alikesha akihesabu mabati.

"Nitoe ulimi, Bibi?"

"Unitoe ulimi? Nautoa mwenyewe." Akacheka, akautoa.

Ulikuwa mweupe, laini, na pembeni una alama za meno. Mtu mwenye joto la ini ulimi wake huwa mwekundu, una utando wa njano. Hidaya aliandika alichokiona. Ubao ukamjibu kama ulivyomjibu wiki iliyopita: mapigo yanatangulia ulimi. Nani angebishana na mkono wa Mwalimu Shedafa?

*

Jumatano iliyofuata ukungu uliingia mpaka ndani ya kliniki. Kipimo kilikuwa kimekwisha, na Hidaya alikuwa ameivua glavu anaifuta kwa spiriti, Bi Saumu aliponyanyuka kwenye kigoda. Akayumba. Akashika mpini wa droo, droo ikatoka pamoja naye, maganda ya chenza yakamwagika sakafuni.

Hidaya aliruka akamdaka mkono.

"Nimesimama ghafla tu," alisema Bi Saumu.

"Kaa kwanza, Bibi. Kaa."

Akamkalisha, lakini mkono hakuuachia. Vidole vyake vitatu, vitupu, vilikuwa vimeangukia mahali penyewe, bila kuambiwa. Miaka mitatu alikuwa amejizoeza kwa mama yake, kwa majirani, kwa nafsi yake, na siku moja kwa mbuzi. Vidole vilijua njia.

Alichokisikia hakikuwa waya. Kilikuwa uzi, tena uzi uliochakaa, unaopita polepole na kwa shida. Alibonyeza kidogo, ukapotea. Alilegeza, ukarudi. Mapigo ya mtu aliyeishiwa, si ya mtu anayeungua. Hidaya alidhani amekosea, akahesabu pumzi zake mwenyewe, akaanza upya. Uzi ule ule.

Sasa waya umekwenda wapi? Ulikuwepo dakika chache zilizopita.

"Bibi, nikupime tena kidogo?"

"Kwa glavu?"

Na palepale, chini ya vidole vya Hidaya, kwa neno hilo moja, mapigo yakaruka. Yakakaza, yakaanza kukimbia. Uzi ukawa waya.

Hidaya aliuangalia ule wanja. Uliwekwa kwa mkono unaotetemeka, lakini uliwekwa vizuri, jicho hili na hili. Akaona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu bila kupiga hodi.

Joto la ini halikuwepo. Glavu haikusoma ugonjwa wa Bi Saumu, ilisoma furaha yake ya kushikwa mkono na mumewe. Na kwa kila furaha ilimpimia uchungu zaidi.

"Vipi, kuna nini?"

"Hamna, Bibi. Leo dawa usichukue. Kabati lina hitilafu."

Ulikuwa uongo, na ulimkaa vibaya mdomoni. Alimsindikiza Bi Saumu mpaka getini, akarudi, akaichana ile pakiti, akaimwaga yote kwenye pipa.

*

Daktari Peng, rafiki wa zamani wa Mwalimu, alikuwa na kliniki yake Korogwe tangu kabla Hidaya hajazaliwa. Alipotokea kwenye skrini alikuwa anabangua karanga, na hakuacha kubangua.

"Mwanafunzi wa Shedafa! Vipi huko juu, baridi?"

"Shikamoo, Daktari. Baridi. Nina shida."

Akamweleza yote: ulimi, uzi, waya, wanja. Daktari Peng aliacha karanga. Mwanzo alicheka, kicheko kirefu kilichomtoa machozi, kisha kicheko kikakatika na machozi yakabaki.

"Shedafa hakukwambia? Huyo mke wake hakuwahi kumpima. Hata siku moja."

"Hakuwahi?"

"Alikuwa ananiletea mimi. Homa, mgongo, kila kitu. Wanashuka mlima wote huo, mimi nampima mama, yeye amekaa nje kwenye benchi. Siku moja nikamuuliza, wewe bwana, mganga mkubwa kuliko mimi, ati mkeo unamleta kwangu? Akaniambia, Peng, nikimshika mkono huyu, mapigo yanayokimbia sijui ni yake au ni yangu."

Nyuma ya Hidaya kabati lilinguruma kidogo, likipanga droo zake.

"Sasa nyinyi," alisema Daktari Peng, bila ukali, "mmemfanyisha kazi aliyoikataa akiwa hai."

"Nifanye nini?"

"Kwa ugonjwa? Hilo unalijua. Andika wewe, mimi nitatia sahihi. Usinitazame hivyo, andika."

Hidaya aliandika, akafuta, akaandika. Mfalme, ngano nzima. Waziri, mzizi mtamu. Kunazi nyekundu kavu za China ziwe msaidizi. Ni dawa ya kale ya moyo uliokaukiwa, ya mtu asiyelala na asiyeweza kusema analilia nini. Akafikiri juu ya tumbo lililopigwa baridi na ile mizizi michungu, akaongeza tangawizi kavu, kidogo tu.

"Nani mjumbe?" aliuliza Daktari Peng.

"Mzizi mtamu utafanya kazi mbili."

"Sawa. Mimi ningeandika hivyohivyo." Akasaini. "Hiyo ndiyo sehemu rahisi."

Sehemu ngumu Hidaya alikuwa ameshaifikiria, na alikuwa na hila yake. "Daktari, si naweza kumwachia glavu? Aje Jumatano kama kawaida, nivae, ashikwe mkono. Dawa ya glavu naitupa, nampa hii. Hatajua. Atapona na mumewe anaye."

"Unaweza. Glavu haitasema, na mimi sitasema."

"Sasa?"

"Sasa utakuwa unamwigizia. Kila wiki mama wa watu anajipamba, anapanda mlima, wewe unajua na yeye hajui. Mimi nimezeeka, Hidaya, sitakwambia ni dhambi. Nakuuliza tu, utaweza kumtazama usoni?"

Hidaya alikuwa anampenda Bi Saumu, basi. Ndiye aliyempikia uji siku alipofeli mtihani wa kwanza, akamwambia hata Mwalimu alifeli, tena mara mbili, tena kwa Kichina. Kumnyang'anya huyo mtu kitu alichobakiwa nacho kulimuuma kuliko kufeli mtihani wowote.

*

Alishuka kesho yake asubuhi, mkoba mmoja mkononi na kijisanduku cha glavu kwapani. Nyumba ya Bi Saumu ilikuwa chini ya kliniki, nyuma ya miplamu. Alimkuta jikoni amekaa mbele ya chai iliyopoa.

"Glavu imekuja nyumbani leo," alisema Bi Saumu, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ushungi kuuweka sawa. Hakuwa na wanja. "Ungenambia mapema."

"Bibi, sikuja kupima. Jana nilikudanganya. Kabati halina hitilafu."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma, akianzia katikati, akitaja ini na moyo na ulimi, mpaka Bi Saumu akamwinulia kiganja.

"Kwa hiyo ulinishika mkono ukanisikiliza moyo bila kuniambia."

"Ndiyo, Bibi."

"Adabu gani hiyo?"

"Haikuwa adabu. Naomba unisamehe."

Bi Saumu alisimama, akamwaga chai dirishani, akarudi akakaa. "Mimi nikifika pale nikafumba macho, Mwalimu yupo. Alikuwa anagonga hivi, kila jioni, tukiwa tumekaa hapa hapa. Haikuwa dawa. Ilikuwa yetu. Sasa wewe unasema inaniua."

"Glavu inakusoma vibaya, Bibi. Inakupa dawa ya mtu mwingine. Ukiendelea nayo utakwisha, na mimi nitakuwa nimekutazama."

"Na nikipona?" Sauti ilimpanda. "Nipone, halafu? Jumatano nitampandia nani mlima?"

"Sijui, Bibi," alisema Hidaya. "Kweli sijui."

Jogoo wa jirani aliwika saa isiyo yake. Hidaya akakumbuka kwamba bado kuna neno moja hajalifikisha, na kwamba neno hilo halikuwa lake.

"Daktari Peng anakusalimu. Amesema Mwalimu hakuwahi kukupima."

"Ndivyo." Bi Saumu alitazama pembeni. "Watu wote wa mlima huu aliwapima, mpaka wezi. Mimi akanipeleka Korogwe. Nilidhani amenichoka, anaona kero. Nilikuwa nashuka nimenuna njia nzima, narudi nimenuna. Sikuwahi kumuuliza. Ningemuuliza nini?"

"Daktari Peng alimuuliza."

"Akasemaje?"

"Alisema akikushika mkono, mapigo yanayokimbia hajui ni yako au ni yake."

Mabega ya Bi Saumu yakaanza kutikisika, na Hidaya hakujua kama ni kicheko au kilio, mpaka alipoona ni vyote viwili.

"Mzee yule!" alisema, akijifuta kwa upindo wa kanga. "Mzee yule mnafiki! Amekaa kwenye benchi amekunja uso kama amekuja kudai, kumbe! Na mimi nimemnunia miaka yote ile. Siku moja nilimnyima chakula cha usiku, Hidaya. Alilala na maji."

Alilia mpaka akachoka. Hidaya alimshika bega, hakumshika mkono.

Baadaye Bi Saumu alikivuta kile kijisanduku, akakifungua. Glavu ilikuwa imelala ndani, kiganja chini. Aliitazama sana. Hidaya alikuwa tayari kuivaa kama angeombwa, mara ya mwisho, kabati likiwa limezimwa. Hakuombwa. Bi Saumu alinyoosha kidole cha kati, akagonga mara mbili pale ambapo kifupa cha kifundo kingekuwa, akafunga kifuniko.

"Ipandishe," alisema. "Awatibu wengine. Wale anaweza kuwasoma."

Hidaya akatoa dawa kwenye mkoba, akaipanga mezani. Bi Saumu akaokota kunazi moja, akainusa, akachota ngano kiganjani.

"Hii ndiyo dawa?"

"Ndiyo, Bibi. Unaichemsha, unakunywa ya moto asubuhi na jioni. Ngano usiitupe, uile."

"Hii si dawa, hii ni futari," alisema Bi Saumu. Lakini aliinuka kutafuta sufuria.

*

Bi Saumu alirudi kliniki wiki kadhaa baadaye, ukungu ulipokuwa umeanza kupungua, na ilikuwa Jumatano. Kanga ilikuwa bado inazunguka sana, ila alipanda ngazi za matuta bila kushika ukuta, na alilalamika kwamba kunazi za safari ile zilikuwa ngumu. Wanja alikuwa nao.

"Usinitazame hivyo. Nimezoea," alisema. "Na sijazeeka kiasi hicho."

"Sijasema neno, Bibi."

Hidaya alimpa kigoda na maji, akamwacha apumue. Hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa la Mwalimu, kabla ya mizizi, kabla ya wafalme na mawaziri: aliyepanda mlima asisomwe mpaka mlima umtoke. Glavu haikuwahi kulishika somo hilo. Yenyewe ilikuwa mkono, na kungoja hakukuwa mkononi.

Akapasha vidole vyake kwenye mvuke wa birika, akavifuta. Bi Saumu akaweka mkono juu ya kimto. Hidaya akashusha vidole, vitupu, na kabla hajajua kinachotokea, kidole chake cha kati kiligonga mara mbili, polepole, juu ya kifupa.

Alishtuka. Miezi yote ile ndani ya glavu, mkono wake ulikuwa umejifunza usichofundishwa. Chini ya vidole alisikia mapigo yakiruka, yakikaza, yakianza kukimbia.

"Bibi, nisamehe. Sikukusudia, mkono tu..."

"Acha," alisema Bi Saumu. Alikuwa amefumba macho. "Usiutoe. Ngoja."

Hidaya akangoja. Mapigo yalikimbia kama yanamfuata mtu barabarani. Nje mtu alikuwa akipalilia matuta, jembe likigonga jiwe mara kwa mara. Yalikimbia, yakapunguza, yakawa yanatembea. Yalipotulia yalikuwa bado membamba, lakini yalikuwa na mwili, na alipobonyeza hayakupotea.

Bi Saumu alifumbua macho. Wanja ulikuwa umetiririka kidogo kwenye jicho la kushoto, akaufuta kwa kidole.

"Haya," alisema. "Sasa soma."